Mzee wa kisukari akizimia, mpime kabla ya kusema ni presha

Mama alipoanguka mara ya kwanza, majirani walisema presha, nami nikaitikia. Mara ya pili alikuwa uani anaosha vyombo, saa tano asubuhi. Nilimshika mkono: wa baridi, umelowa jasho, na maneno yanamtoka hovyo. Mashine ya kupima sukari ikasoma 2.6 (mmol/L).

Chini ya 4 sukari imeshuka. Kama anaweza kumeza, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, anywe. Soda ya kawaida pia inafaa, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikishapanda, ale kitu cha kukaa tumboni, uji au mkate. Huna mashine? Mpe sukari hivyo hivyo. Asiyejitambua usimtie chochote mdomoni: mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Halafu kusanya dawa zake zote. Metformini, kidonge cha kisukari, ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Mimi nilikuta glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari. Hiyo hulisukuma kongosho kutoa insulini inayoshusha sukari, umekula hujala, na kwa mzee ambaye figo zimechoka hujilimbikiza. Mama aliimeza alfajiri akisubiri mihogo iive, ikachelewa. Tena alikuwa siku ya tatu ya septrini, dawa ya kuua bakteria, nayo huongeza nguvu ya dawa hiyo. Tangu 2013 orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) inasema glibenklamidi haiwafai waliozidi miaka 60, na gliklazidi, dawa ya jamii hiyo hiyo, ndiyo iliyowekwa. Mama ana 71!

Kwa hiyo akizinduka msirudi nyumbani kwa furaha. Mama aligoma kulazwa, tukabembelezana hadi akakubali, na saa nane usiku sukari ikashuka tena, 3.1.

Sukari ikiwa sawa, hapo ndipo uitazame presha. Alale dakika tano, mpime. Asimame, mpime baada ya dakika moja na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwambie daktari. Dawa usimwachishe wala kuipunguza wewe. Nenda na mfuko mzima na daftari la vipimo.

Siku hizi Mama hufunga glukosi kwenye pindo la kanga, palipokuwa pakikaa hela. Wajukuu wameshagundua, naijaza kila Ijumaa.