Namna ya Kugeuza Reli ya Zamani Kuwa Njia ya Mabasi
Kabla ya kung'oa reli na mataruma, hakikisha ni nani anayemiliki ardhi, kisha pima upana wa tuta na madaraja, kwa kuwa tuta lililojengwa kwa treni moja mara nyingi halitoshi mabasi mawili kupishana. Huko Cambridge, Uingereza, ambako treni za abiria za kwenda St Ives zilikoma mwaka 1970, wahandisi walilaza mihimili ya zege yenye kingo, na mabasi yakafungwa magurudumu madogo ya pembeni yanayofuata kingo hizo, hivyo dereva hashughuliki na usukani na njia inakuwa nyembamba kuliko barabara ya kawaida. Ilifunguliwa Agosti 2011.

Fedha zikiwa chache, jenga njia moja yenye sehemu za kupishana, kama ilivyofanyika Japani kwenye reli ya Kesennuma iliyoharibiwa na tsunami ya mwaka 2011.

Kwenye makutano, weka taa zinazotoa kipaumbele kwa basi, na uchimbe mtego wa kuzuia magari madogo kila mahali pa kuingilia, maana dereva aliyepotea (nao hawakosekani) hasomi kibao.