Kurekebisha Gurudumu la Kipanya Linalorukaruka

Ukurasa unapanda juu ilhali kidole kinateremsha gurudumu chini, na mwenye kipanya anaamua kukitupa. Jirani yangu hapa Umoja, Nairobi, alikuwa karibu kufanya hivyo kabla hatujakifungua pamoja, nami nimeona heri niandike hatua tulizofuata, kwa sababu kipanya chenye hitilafu hii aghalabu hurekebishika.

Hatua ya 1. Kichomeke kwenye kompyuta nyingine. Kama hakina waya, badilisha betri kwanza. Hitilafu ikikifuata huko, kifungue.

Hatua ya 2. Toa betri au chomoa waya. Skrubu mara nyingi hufichwa chini ya miguu laini inayoteleza mezani, au chini ya kibandiko kilicho mahali pa betri. Ganda likigoma kufunguka, ujue kuna skrubu iliyobaki. Usilitie bisibisi kwa nguvu, maana huenda kuna utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha ganda la juu na bodi, yaani ubao wenye saketi za umeme.

Hatua ya 3. Tazama ncha za mhimili wa gurudumu. Gurudumu likiwa na matundu yanayopita kati ya kijitaa kidogo na kipokezi cha mwanga, tatizo kwa kawaida ni unywele au vumbi. Liondoe kwa kibano, futa, funga, kazi imekwisha. Lakini ikiwa mhimili wa pembe sita unapenya kwenye kijisanduku kilicholehemewa kwenye bodi kwa pini tatu, hiyo ni enkoda ya kimakanika, yaani kifaa kinachohisi mzunguko wa gurudumu, na hapo ndipo penye kazi.

Hatua ya 4. Ndani ya enkoda kuna vidole vya chuma vinavyosugua kisahani na kutoa mawimbi mawili ya umeme yanayopishana. Kompyuta hutambua mwelekeo kwa kuangalia ni wimbi lipi limetangulia, kwa hiyo kidole kimoja kikishika uchafu au kikichakaa, mpangilio huo huvurugika na ukurasa kurudi ulikotoka. Tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kupaka vidonda siipendekezi, kwa kuwa huwa na maji mengi, na baadhi huongezwa mafuta. Dondoshea matone machache penye uwazi wa kijisanduku, zungusha mhimili kwenda na kurudi kwa muda mrefu, rudia, kisha acha ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme. Mafuta ya kulegeza skrubu zenye kutu usiyaguse hata kidogo: leo gurudumu litatulia, kesho utando wa mafuta utakuwa umekusanya vumbi lote la mezani.

Hitilafu ikirudi baada ya muda, vidole vimechakaa. Wapo wanaofungua kijisanduku na kuvikunja upya; mimi naona ni afadhali kubadilisha enkoda nzima. Nenda nayo ile ya zamani mkononi unapotafuta nyingine katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue, kwa sababu hutengenezwa kwa vimo tofauti, na tofauti ya milimita 1 tu inatosha kufanya gurudumu lisugue ganda au libonyeze swichi ya katikati lenyewe. Pima kutoka usoni mwa bodi hadi juu ya kijisanduku, bila kuhesabu pini. Wakati wa kuitoa, ongeza kwanza lehemu mpya kwenye pini tatu na kwenye miguu miwili ya fremu, ambayo hunywa joto jingi, ndipo uinyonye lehemu hiyo kwa pampu. Chuma cha kulehemu chenye kudhibiti joto, kikiwekwa karibu nyuzi 350, ni bora kuliko kile cha bei rahisi kisichodhibitika. Enkoda isipotoka kwa wepesi, pasha tena. Ukiivuta kwa nguvu, utang'oa pete za shaba za bodi.

Hatua ya 5. Jaribu kipanya kabla ya kubandika miguu. Fungua waraka mrefu, teremsha gurudumu hatua moja moja, kisha kwa kasi, halafu rudi juu. Ukurasa usiporuka hata mara moja, kaza skrubu na ubandike miguu.