Anaposema ana hitaji la moyoni: kwa kiongozi mwenzangu wa jumuiya

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni fundi cherehani hapa Korogwe, na ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri. Jumuiya yangu ina nyumba 14. Tunakutana Jumatano saa kumi na moja jioni, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Wazee wapya wakichaguliwa huja kuniuliza namna ya kuongoza maombi, nami huwaambia kuomba watajua tu, kazi ni kinachofuata. Kila jumuiya ina yule mtu ambaye mahitaji yakimfikia husema, "Na mimi nina hitaji la moyoni, Mungu analijua," kisha anainamisha kichwa. Tunaomba, tunasema amina, tunaagana. Jumatano ijayo tena, hitaji la moyoni. Haya ninayoandika yanamhusu huyo.

Anza na chai na bahasha

Usishangae nikianzia jikoni. Jumuiya ikiwa ya zamu, wa kwanza atakaribisha kwa chai na maandazi, wa pili ataongeza chapati, wa tatu ataleta soda, na wa nne atapiga simu kusema mtoto ana homa, tusogeze mbele. Mtoto hana homa. Weka sheria: chai ya rangi, basi. Na wewe kiongozi uwe wa kwanza kuifuata, usiongeze hata karanga.

Bahasha ni kubwa zaidi. Kuna makatibu wanaosimama na daftari na kusoma ahadi za ujenzi: fulani ameahidi laki, ametoa elfu kumi. Kwa maoni yangu hakuna kitu kinachofukuza watu kwenye jumuiya kama hicho, na wanaofukuzwa ni wale wale waliokuwa na la kusema. Katibu amwoneshe kila mtu hesabu yake peke yake. Sadaka ya kapu ipite kama kawaida, wala asiwepo wa kutazama mkono wa mwenzake.

Matangazo yapeleke mwanzoni, watu wakiwa bado wanaingia. Ukiyaweka mwisho, mtu anatoka kwenye maombi moja kwa moja hadi kwenye mchango wa jenereta, na lile lililokuwa limemfika kooni linarudi chini. Baada ya amina ya mwisho bakiza nusu saa isiyo na ratiba. Mengi niliyowahi kuambiwa, nimeambiwa wakati wa kuosha vikombe.

Neno lisiwe hotuba

Soma Zaburi za kulia. Tumezoea zile za ushindi, na mtu mwenye huzuni akizisikia kila wiki anaamini Biblia si yake. Mpe ya 13, inayouliza "hata lini". Mpe ya 42. Ukiona jumuiya imekomaa, mpe ya 88, ambayo inaanza na kilio na inaishia gizani bila neno la faraja mwishoni. Kuna mzee mwenzangu aliniomba niiunganishe na nyingine ili watu wasiondoke na uzito. Nilikataa. Ikiwa Roho Mtakatifu aliiacha hivyo, mimi nani wa kuifungia kamba?

Jirani zetu Wakatoliki wana hatua saba za kushirikishana Injili, zilizotokea Lumko, taasisi yao ya mafunzo huko Afrika Kusini, na baadhi nimeziiba. Soma polepole, mara mbili. Kisha kila mtu arudie kwa sauti neno au fungu fupi lililomgusa, bila kulieleza. Halafu nyamazeni kidogo. Mara za kwanza watu watakohoa na kutazama simu, lakini watazoea. Asiyeweza kusema habari zake anaweza kusema "hata lini", na wewe utakuwa umesikia.

Hitaji likitajwa

Pale kwenye mkeka usiulize. Usimwambie "funguka, dada, sisi ni familia," maana macho kumi na mengine kumi yanamtazama. Sema, "Asante kwa kutuambia," ombeni kwa ufupi, endeleeni. Halafu kabla ya Jumapili mtembelee.

Nendeni wawili, na mmoja awe wa jinsia yake. Usiende na Biblia kubwa mkononi kama mtu wa kuhukumu kesi. Ukifika sema, "Sikuja kuulizia hitaji lako. Nimekuja kukusalimu." Kisha shika kazi iliyopo: kama anachambua maharage, chambua, kama anakunja nguo, kunja. Mtu husema vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini. Akinyamaza, nawe nyamaza. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Mpaka hapo walikuwa marafiki wazuri. Waliharibu walipoanza kufafanua.

Kwa hiyo acha haya: "Mungu ana makusudi." "Kuna wenye shida kuliko wewe." "Jikaze, wewe si mtoto." "Angalia imani yako." Sema pole. Uliza, "Unalala?" Uliza, "Leo umekula nini?" Hayo mawili yanakupa habari nyingi kuliko kuuliza anajisikiaje, maana hapo kila mtu hujibu "namshukuru Mungu". Eliya alipoketi chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akampa tena. Maneno ya Mungu yalikuja baadaye, mlimani, mtu akiwa ameshiba na amelala.

Mimi kazi yangu inanisaidia. Futi haidanganyi; mama niliyemshonea gauni la Pasaka akija mwezi wa nane na kiuno kimepungua inchi tatu bila kutaka, najua kuna jambo. Nawe una futi yako. Muuza duka anajua nani ameanza kukopa sigara, mwalimu anajua mtoto wa nani anasinzia darasani.

Wanaume hawaji jumuiya kwa wingi, hilo sote tunalijua, na akija mmoja kati ya wanawake tisa hatasema lolote. Tuma mwanamume mwenzake akamsaidie kufunga bati au atembee naye hadi shambani. Kwa mwanamume swali liwe la kazi: "Siku hizi kazi inakwendaje?" Anayejibu "nimeichoka tu" ameshasema.

Msiba ukiisha

Kwenye kufiwa sisi ni hodari, hakuna wa kutufundisha. Turubai, kuni, vyombo, daftari la rambirambi, kwaya. Halafu tanga linavunjwa, wageni wanapanda mabasi, na mjane anabaki na sufuria zilizoazimwa. Hapo ndipo jumuiya ianze. Mimi nina daftari dogo, ndani yake hakuna siri hata moja, kuna tarehe tu: siku aliyofariki mume wa fulani, siku ya kuzaliwa ya mtoto aliyezikwa. Mwezi wa kwanza tunakwenda, wa tatu tunakwenda, Krismasi ya kwanza hatumwachi peke yake. Na tukifika tunamtaja marehemu kwa jina. Watu wengi huogopa kumtaja wakidhani wataamsha kidonda, kumbe mwenzao anatamani kulisikia hilo jina.

Mimba iliyoharibika haina turubai. Hakuna anayekuja, na mama huyo Jumatano inayofuata anatarajiwa kuimba. Ukisikia, nenda kama unavyokwenda msibani. Paulo aliwaambia Warumi "lieni pamoja nao waliao"; hakuweka sharti la kaburi.

Siri

Hapa jumuiya nyingi hufia. Ombi la namna hii, "Bwana, mkumbuke mama fulani, unajua mumewe alivyomfanyia juzi," ni umbea uliofumba macho. Anayeomba hivyo mkatize kwa wimbo, kisha zungumza naye pembeni. Kwenye kundi la WhatsApp pasiandikwe hitaji la mtu bila ruhusa yake, hata ugonjwa.

Wazee wetu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho ulioanza miaka ya 1930 kule Gahini, Rwanda, ukaingia Tanganyika kupitia pande za magharibi ya Ziwa Viktoria, walitufundisha kutembea nuruni: kutaja dhambi mbele ya ndugu, kwa jina lake. Nawaheshimu. Waliponya ndoa na walirudisha mali zilizoibwa. Lakini nuru ya hadharani iliwachoma wengine, hasa wanawake, waliobaki wakiitwa kwa dhambi zao hadi uzeeni. Yakobo anasema tuungamiane "ninyi kwa ninyi", na mimi naona wawili wanatosha. Mpe kila mshirika anayetaka mwenzake mmoja wa kuaminiana, wakutane wao, wewe usiulize wameongea nini.

Yapo ya kutotunzwa, na mwambie mtu hivyo kabla hajaanza kusema. Mtoto akiumizwa, huendi kumwita baba yake kwenye kikao cha wazee: piga 116, namba ya msaada kwa watoto, haitozwi, au nenda ustawi wa jamii. Mke anayepigwa usimrudishe nyumbani na mstari wa uvumilivu. Mpeleke hospitali na dawati la jinsia polisi, mtafutie pa kulala usiku huo, upatanisho uje baadaye kama yeye mwenyewe atautaka.

Ikiwa ni ugonjwa

Huzuni na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, si kitu kimoja. Ukiona wiki mbili zimepita na mtu yuko gizani karibu kila siku, halali au analala kutwa, chakula hakimpiti, kazi aliyoipenda imemshinda, anajilaumu kwa mambo yasiyo yake, huyo anahitaji daktari pamoja na maombi. Usisubiri aseme mwenyewe.

Na muulize wazi: "Umewahi kufikiri afadhali ufe? Umefikiri namna gani?" Wengi huogopa kuuliza wakidhani watampa wazo. Humpi, wazo kama lipo, lipo, na mara nyingi anapumua kwa kuulizwa. Akikubali, usimwache peke yake hata kwenda chooni mbali. Toa ndani ya nyumba dawa ya kuulia wadudu, ile ya mahindi na ya mifugo, toa kamba, toa vidonge vilivyobaki, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Nauli itoke kwenye mfuko wa jumuiya bila kikao.

Watu watasema ni mapepo. Sina ugomvi na wanaoombea, ombeni. Lakini anayeumwa hafungwi kamba, hapigwi, na asiyekula hafungishwi mfungo. Na maombi yakiisha, safari ya hospitali iwe palepale. Kwetu hapa hoja hii ina historia. Lutindi, huko juu milimani Usambara ndani ya wilaya yetu, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne iliyofuata pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hadi leo iko chini ya kanisa letu. Wagonjwa wanatibiwa, wanafanya kazi za mikono, wanasali. Kwa hiyo mtu akiniambia vidonge ni upungufu wa imani, namwambia kanisa lake limevitoa miaka mingi kabla yeye hajabatizwa.

Ukimsindikiza, kaa naye hadi amwone daktari, na andika maelekezo, kwa sababu mgonjwa atayasahau. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, kabla ya nafuu, na usumbufu wa tumbo au usingizi unaweza kutangulia. Wiki hizo ndizo watu huacha wakisema hazifanyi kazi. Mpangieni mtu wa kupita kila siku, hata dakika kumi. Akipata nafuu, kuacha ni kwa neno la daktari, si kwa ushuhuda uliomsisimua kwenye semina.

Mrudishie kazi

Aliyebebwa asibaki mzigo wa kudumu. Mapema kidogo kuliko unavyodhani, mpe kazi ndogo: asome somo, aanzishe wimbo, atunze funguo za sanduku la vitabu vya nyimbo. Usimpe kazi ya kutoa ushuhuda. Tuna njaa ya shuhuda, na mtu aliyetoka hospitali juzi tunamsimamisha aeleze alivyopona, kisha akizidiwa tena anaona aibu kurudi. Akitaka kusema atasema, mwaka huu au ujao.

Asipokuja wiki tatu, usimwulize mbele za watu "ulipotelea wapi". Mtumie ujumbe wa kawaida: jumuiya ni kwa mama fulani Jumatano, tunasoma Zaburi fulani. Usiongeze neno.

Wewe nawe uwe na mtu wa kukuuliza kama unalala. Nyumba za kutembelea zigawane na mzee mwenzako na parishi waka, yaani mtumishi wa usharika, na mwezi mmoja kwa mwaka usitembelee mtu yeyote, jumuiya haitakufa. Muhula wako ukiisha, lile daftari la tarehe mkabidhi anayekufuata, mpitie ukurasa kwa ukurasa, umwoneshe nani anapenda kutembelewa asubuhi na nani ana mbwa. Uliyoambiwa wakati wa kuosha vikombe usimkabidhi. Wenyewe wakitaka, watamwambia.