Kuchonga nyumba ya beringi kwa CNC: kutoka kwenye mchoro hadi kipande mkononi

Msimu wa kahawa ukifika huku Kilimanjaro na Meru, mashine ya kumenyea haitakiwi kulala. Kahawa mbivu inamenywa siku hiyohiyo iliyochumwa; ikilala inaanza kuchacha na ubora unashuka. Ndiyo maana nimechagua kipande hiki kwa anayeanza: bamba la alumini linaloshika beringi ya ekseli ya mashine ya kumenyea. Ni kipande rahisi, kinahitajika kweli, na kinadai usahihi mahali pamoja tu.

Nachukulia kwamba unajua kutumia venia, na kwamba una mashine ndogo ya milingi ya CNC ya mezani (ina kikatio kinachozunguka, kikiongozwa na kompyuta) au unaweza kuingia kwenye karakana yenye nayo.

Hatua ya 1: Pima, kisha amua utakishikaje

Beringi yetu ni 6204: tundu la ndani 20 mm, kipenyo cha nje 47 mm, unene 14 mm. Bamba ni 100 × 100 mm, unene 20 mm, likiwa limeshanyooshwa kingo zote. Shimo la kukalia beringi lina kina cha 14 mm, na chini yake panabaki 6 mm zenye tundu la 40 mm. Ukingo huo unagusa gamba la nje la beringi tu, la ndani linazunguka bila kukwaruzwa. Pembeni kuna matundu manne ya 9 mm kwa bolti za M8, kila moja likiwa 10 mm kutoka kwenye kingo zake mbili.

Kabla ya kugusa kompyuta, jiulize: jiliwa litashika wapi? Sisi tutashika 12 mm za chini, 8 mm zibaki juu ya taya. Chini ya bamba weka vipande viwili vya chuma vilivyonyooka vya kuliinua, uvisogeze mbali na katikati na mbali na matundu ya bolti, maana kikatio kitatoboa hadi chini.

Kuhusu alumini: ukiweza kununua, tafuta aloi ya 6061 au 6082. Vyuma chakavu vya Unga Limited, Arusha, vinafaa kwa mazoezi, lakini alumini laini kama ya sufuria inang'ang'ania kwenye kikatio na inaweza kukivunja.

Hatua ya 2: Chora

FreeCAD, programu ya kuchorea, ni ya bure na inatosha kabisa. Chora mraba, upe unene, kisha matundu. Andika vipimo vyote kama namba, usivute kwa kipanya. Hasa ile 47: tutaibadilisha baadaye, kwa hiyo iwe mahali unapoweza kuifikia haraka.

Hatua ya 3: Chagua sifuri

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mashine haijui bamba liko wapi. Inajua tu mahali ulipoiambia kwamba ni sifuri, na kila kitu inapima kuanzia hapo. Sifuri ya kwenye mchoro na sifuri ya kwenye jiliwa lazima ziwe kona moja.

Wengi huchukua kona ya mbele kushoto kwa mazoea. Mimi nakushauri kona ya nyuma kushoto, upande wa taya lisilosogea. Taya la mbele linasogea kila unapokaza, la nyuma halihami. Bamba la pili na la tatu yatakaa palepale kwa upande huo. Kwa mpangilio huo X inaongezeka kwenda kulia na Y inakuwa hasi kuja kwako. Katikati ya bamba ni X50 Y-50. Sifuri ya Z iwe uso wa juu wa bamba.

Hatua ya 4: Njia za kikatio

Tumia endimili (kikatio chenye meno ubavuni na chini) ya kabaidi ya 10 mm yenye meno matatu. Spidi inapatikana hivi: zidisha kasi ya kukata kwa 1000, gawa kwa 3.14 mara kipenyo. Kwa alumini chukua mita 150 kwa dakika: 150,000 ÷ 31.4 ni kama mizunguko 4,800. Mwendo wa kusogea ni mizunguko mara meno mara unene wa chenga: 4,800 × 3 × 0.05 = 720 mm kwa dakika. Mashine nyepesi ishushe 1.5 mm kila duru ya njia, isizidi. Usiichomeke endimili wima. Iteremke ikizunguka kama ngazi ya mnara. Matundu ya bolti toboa kwa drili ya 9 mm, ukiipandisha mara kwa mara itoe chenga.

Wakati wa kutoa G-kodi, yaani faili ya amri ambazo mashine inazifuata, chagua mfumo wa mashine yako hasa. GRBL, kwa mfano, mfumo unaoendesha mashine nyingi ndogo, haielewi amri ya G83 ya kutoboa kwa vipindi. Inataka kila mwendo uandikwe peke yake. Kisha fungua faili usome mistari ya mwanzo: G21 maana yake milimita, G90 ni vipimo kutoka sifuri, G54 ni sifuri uliyoiweka wewe. G21 ikikosekana, mashine inaweza kusoma inchi.

Hatua ya 5: Weka sifuri kwenye mashine

Funga pini iliyonyooka ya 10 mm kwenye koleti (kishikio cha kikatio), spindo (mhimili unaokizungusha) ikiwa imezimwa. Shusha pini kushoto mwa bamba, weka karatasi ya kawaida katikati yao, sogeza taratibu hadi karatasi ibanwe. Karatasi ina unene wa karibu 0.1 mm, kwa hiyo kitovu cha pini kiko 5.1 mm nje ya ukingo. Andika: G10 L20 P1 X-5.1. Upande wa nyuma fanya vilevile kwenye zile 8 mm zilizo juu ya taya, uandike Y5.1. Kwa Z funga endimili yenyewe, gusa karatasi juu ya bamba, andika Z0.1. Ukibadilisha kikatio, Z irudie.

Sasa pandisha Z hadi 50 na utume G0 X50 Y-50. Pima kwa rula: uko katikati? Kisha endesha programu nzima hewani, 30 mm juu ya bamba, mkono ukiwa kwenye kitufe cha dharura. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usibonyeze endelea; irudishe mashine nyumbani kwake (mahali pake pa kuanzia), kagua sifuri upya.

Hatua ya 6: Kata

Vaa miwani. Glovu hapana, zinavutwa na spindo. Mafuta ya taa kidogo kwa brashi yanazuia alumini kuganda kwenye meno, ila moto uwe mbali. Fagia chenga mara kwa mara.

Hatua ya 7: Ile 47

Shimo linatakiwa liwe kati ya 47.000 na 47.025. Usilifuate kwa mkupuo mmoja. Liagize kwanza 46.60, upime bila kulegeza jiliwa. Tuseme limetoka 46.54: kikatio kinajipinda, shimo linapungua 0.06. Tunataka 47.01, imebaki 0.47. Igawe mara mbili zinazokaribiana, ili kikatio kijipinde kwa kiasi kilekile. Agiza 46.84, pima tena. Likitoka 46.78, agizo la mwisho ni 47.07.

Venia ya dijitali inaonyesha 0.01 lakini haiaminiki hadi hapo, kwa hiyo tumia na beringi yenyewe. Ondoa makali ya mdomo wa shimo kwa tupa laini, futa, ijaribu. Iingie kwa kusukumwa na vidole, isicheze. Ikigoma kidogo, ongeza 0.01, usiipige nyundo. Ikihitaji kusukumwa, sukuma gamba la nje peke yake.

Ikishakaa, hifadhi faili ukiweka kwenye jina lake agizo lililokupa 47.01 na kikatio ulichotumia. Bamba la upande wa pili wa ekseli utalianzia hapo, ila kikatio kikiwa kipya, rudi kwenye 46.60.