Kula na kustarehe usiku pembezoni mwa Mtwara: Mikindani, Msanga Mkuu, Shangani na Naliendele

Mtwara mjini unaweza kutoka nyumbani saa 2 usiku bila mpango wowote na bado ukala. Ukishuka Mikindani, au ukivuka kwenda Msanga Mkuu, hali ni nyingine. Majiko ya huko hayaweki akiba. Kinachopikwa usiku ni kile kilichotoka baharini mchana, na mara nyingi ni kile tu kilichoagizwa. Anayefika saa 3 bila taarifa huambiwa chakula kimekwisha, akaondoka akisema kijiji hakina chakula. Kipo, na ni kizuri kuliko cha mjini. Jioni ya namna hii hupangwa kuanzia mwisho: kwanza ujue utarudi vipi, kisha uangalie bahari, kisha uagize.

Usafiri wa kurudi

Mtwara ni mji mpana kwa sababu ulipimwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, na ulipimiwa watu wengi kuliko waliokuja. Mradi ulikufa mapema miaka ya 1950, umbali ukabaki. Mikindani iko kilomita kama 10 kutoka mjini. Mchana daladala zipo, ila baada ya Isha hupungua haraka, na huwezi kuitegemea saa 4 usiku.

Chukua bajaji, na mkubaliane yote kabla hujapanda: kwenda, kurudi, na kama dereva atasubiri au atakufuata. Kusubiri kuna bei yake. Kama mtakaa zaidi ya saa moja na nusu, kufuatwa ni nafuu. Lipa ya kwenda mkifika, ya kurudi ilipwe mkirudi. Ukimaliza malipo yote mbele, dereva akipata abiria wa karibu saa 3 usiku hana sababu ya kukufuata. Chukua namba yake, na namba ya dereva wa pili anayelala hukohuko unakokwenda, kwa sababu simu ya wa kwanza inaweza kuzimika chaji. Bodaboda inafaa kwa mtu mmoja aliye na akili zake timamu. Msipakiane mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki, usiku kwenye barabara ya Mikindani: kuna giza, kuna mbuzi, kuna baiskeli zisizo na taa.

Msanga Mkuu ni kuvuka kwa kivuko, MV Mafanikio, kutoka Feri. Kabla hujakanyaga kivuko muulize mkata tiketi safari ya mwisho ya kurudi leo ni saa ngapi. Uliza siku hiyohiyo, usitegemee ratiba uliyosikia wiki iliyopita, maana matengenezo na hali ya bahari hubadilisha mambo. Ukishajua, jipange kumaliza kula saa moja kabla. Njia ya nchi kavu ipo, lakini ni mzunguko mrefu wa kuizunguka ghuba, na usiku bajaji nyingi hazitakubali. Mtumbwi wa usiku bila jaketi la kuokolea usiupande, hasa wakati wa upepo wa kusi. Kwa hiyo Msanga Mkuu panafaa zaidi kwa chakula cha jioni ya mapema: vuka saa 9, kula saa 11, rudi na mwanga. Ukitaka kukaa hadi usiku mkubwa, tafuta kwanza mahali pa kulala.

Bahari ndiyo inayopanga chakula

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, hata wale waliozaliwa mjini. Wanaagiza pweza siku ya maji mafu, yaani maji yasipokupwa sana, wanaletewa pweza wa juzi.

Pweza wa pwani hii huchokolewa mwambani maji yakiwa yamekupwa sana, yaani wakati wa bamvua. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu hesabu ni rahisi: takriban tarehe 1 hadi 4, na 15 hadi 18. Mwanzoni mwa siku hizo maji hukupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, wachokoaji hurudi kuanzia adhuhuri, na pweza wa jioni anakuwa wa siku hiyohiyo. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika kama 50. Tarehe 8 au 22 ni maji mafu: mwamba hauonekani vizuri na anayekwenda hurudi na kidogo. Siku hizo agiza samaki.

Dagaa wana hesabu yao. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu ni haba. Mwezi ukifa, dagaa wabichi wa kukaanga hupatikana asubuhi na jioni huuzwa wakavu.

Kuna na pepo. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba. Nguru na jodari hupanda bei, na unachopata kwa uhakika ni samaki wa ndani ya ghuba kama changu na tasi. Kuanzia Novemba kaskazi huleta bahari tulivu, lakini pia ndiyo miezi ya kuingia kwenye mvua, ambazo huku hunyesha takriban Desemba hadi Aprili. Meza za mchangani zinahitaji paa karibu.

Maji yanagusa hata mahali pa kukaa. Siku za bamvua bahari hujaa saa 10 au 11 jioni, na ghuba ya Mikindani huwa nzuri kweli kuiangalia magharibi ikiingia. Ifikapo saa 4 usiku maji yametoka na mbele yako ni tope. Ukitaka maji usiku, nenda siku za maji mafu, yanapojaa saa 4 au 5 usiku.

Kuagiza

Piga simu asubuhi, kabla ya saa 5, au pitia mwenyewe. Mpishi wa pembezoni kwa kawaida ni mama anayepika nyumbani au kwenye banda lenye majiko mawili. Muamkie vizuri, kisha taja vitu vinne: watu wangapi, chakula gani, saa ngapi, na nani ananunua samaki. Kwa mfano: “Shikamoo mama. Tuko wanne, tunaomba pweza wa nazi na wali, tutafika saa 1 na nusu. Nikutumie hela ya pweza sasa hivi?” Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mama hununua kwa fedha yake ya mfukoni, na ameshawahi kupikia watu wasiotokea. Ukitanguliza bei ya pweza na nazi kwa simu, chakula chako kitakuwepo.

Vipimo vya watu wanne wanaokula vizuri: pweza mbichi kilo 2, kwa sababu akichemka hubaki karibu nusu; mchele robo tatu ya kilo; nazi tatu, mbili za mchuzi na moja ya wali. Kama ni samaki wa kuchoma, changu mmoja wa gramu 400 hadi 500 kwa kila mtu. Pweza wa chini ya nusu kilo haruhusiwi kisheria kuvuliwa, usimchukue hata akiuzwa rahisi.

Mpe mpishi muda wa saa mbili, na usimharakishe. Pweza hupondwa kwanza, kisha huchemka kwa maji yake mwenyewe dakika 40 hadi saa nzima, ndipo huingia tui jepesi, na tui zito mwisho kabisa kwa moto mdogo. Ukipiga simu kila dakika kumi, moto utaongezwa, tui litakatika, mchuzi utakuwa na mafuta juu na maji chini, na pweza atakuwa kama mpira. Kwa samaki wa kuchoma subira ni ileile: mkaa ukishafunikwa na majivu meupe ndipo anawekwa, dakika 30 hadi 40 kwa samaki mzima. Akiungua ngozi na kuwa mbichi kwenye mfupa, makaa yalikuwa bado na ndimi za moto.

Omba pia ugali wa muhogo angalau kwa mtu mmoja mezani. Kwa mchuzi wa pweza au kisamvu cha nazi, wali haufui dafu mbele yake, na ni aibu kula Mtwara ukaondoka hujaugusa.

Ukinunua samaki mwenyewe ufukweni na kumpelekea mpishi, angalia mashavu yawe mekundu, macho yawe yamejaa na kung'aa, na nyama ukiibonyeza irudi. Kwa jodari, nguru na vibua uwe mkali zaidi. Samaki hawa wakikaa juani bila barafu hutengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi. Anayewala huwashwa mwili, uso hugeuka mwekundu na kichwa huuma ndani ya muda mfupi. Nunua waliolala kwenye barafu au waache. Bunju na kasa usile kabisa, hata ukikaribishwa kwa heshima: wote wana historia ya kuua watu, na kasa analindwa na sheria.

Vyakula vya barabarani

Mishikaki, chipsi mayai, mihogo ya kukaanga, vipande vya pweza kwa pilipili na supu yake kikombeni hupatikana kwenye vituo vya daladala na karibu na vibanda umiza, yaani vibanda vya kuangalia mpira. Kaa penye foleni. Chagua kinachotoka motoni mbele yako. Chochote chenye tui kilichopikwa mchana na kukaa bila moto hadi saa 3 usiku kiache. Tui huchacha haraka kwenye joto letu, na dalili ni povu dogo pembeni na harufu ya ukali. Kachumbari iruke kama huoni maji ya kuoshea yanatoka wapi. Siku Simba na Yanga wanapocheza, kula kabla ya mpira kuanza, kwa sababu ukiisha vibanda vyote humaliza chakula kwa nusu saa na bajaji zote hugombewa.

Pombe, muziki na adabu

Mikindani na Msanga Mkuu ni miji ya Waislamu. Bia Mikindani inapatikana katika hoteli na sehemu chache, na jengo la Boma la Wajerumani, la mwaka 1895, ni mahali pazuri pa kuanzia jioni kwa kinywaji na upepo. Hutembei na chupa mtaani, hupigi muziki wa gari wakati wa adhana, na mtu akitoka ufukweni hujifunga kanga kabla ya kupita mitaani. Mwezi wa Ramadhani usitafute chakula cha mchana huko. Njoo baada ya magharibi, ambapo futari ya mihogo, magimbi na maharage ya nazi inauzwa mapema na kuisha mapema.

Anayetaka baa yenye muziki na meza za mchangani aende Shangani, ambako pia usafiri wa kurudi katikati ya mji haumsumbui. Anayetaka grosari ya kawaida, nyama choma na kelele za wenyeji, barabara ya Naliendele inafaa, hasa Ijumaa na Jumamosi. Nyama iulizwe kwa kilo na ipimwe mbele yako kabla ya kuchomwa. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, huuzwa sehemu zake maalumu. Usiiagize ovyo kwenye banda la mishikaki.

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, mabibo hukamuliwa na kutengenezwa uraka, pombe ya mabibo. Uraka wa siku hiyo ni mtamu na mwepesi, wa kesho yake ni mkali, wa keshokutwa waachie wenyewe. Nipa, inayopatikana kwa kuuchemsha na kuukusanya mvuke wake, usiiguse. Imekatazwa na sheria, na hakuna namna ya kujua kwa macho wala kwa ulimi kilichomo ndani ya ile chupa.

Baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, utasikia ngoma usiku kutoka vijijini. Nyingine ni sherehe ya wazi, na mgeni anakaribishwa kuangalia sindimba au mdimu. Nyingine ni ya unyago au jando na si yako. Usifuate mlio gizani. Muulize mwenyeji wako, au balozi wa mtaa, kama inaruhusiwa, na akisema hapana usimwulize sababu. Ukiruhusiwa, simama upande ulioonyeshwa, weka simu mfukoni mpaka uambiwe unaweza kupiga picha, na uwe na noti ndogondogo za kuwatunza wachezaji. Noti hizo zitafute mchana mjini. Chenji ya noti ya 10,000 huko usiku ni kazi, mtandao wa simu nao hukatika pamoja na umeme, kwa hiyo hela ya bajaji ya kurudi iweke kando, taslimu, kabla hujaanza kuagiza.