Babu alikuja kama manamba: namna ya kutafuta ukoo wake kwa nauli na vocha

Babu mzaa baba amezikwa Muheza. Sisi wajukuu tulijua mambo matatu tu kumhusu: alikuwa Mngoni, alikata mkonge, na hakurudi kwao. Kaya nyingi za mkoa wa Tanga zina hadithi ya namna hii. Mashamba ya mkonge yalikuwa yakivuta watu kutoka Songea, Ufipa, Kigoma, Urundi hadi Msumbiji, na kila mmoja alikuwa akipewa namba yake. Jina la manamba limetoka humo. Wengi walisaini mkataba wakidhani watarudi.

Nimechukua miezi tisa kumfuatilia. Fedha yangu imekwenda kwenye kaunta buku moja, penseli, vocha, sukari ya wazee na safari moja ndefu ya basi. Tovuti za kulipia sikuzigusa, maana makaratasi yake mengi ni ya Ulaya na Marekani. Vipimo vya DNA navyo niliviacha: havitakuambia babu alitoka kijiji gani.

Hatua ya 1: Andika unachokijua, na mpe kila mtu namba

Usimpigie mtu simu kabla ya hili. Anza na wewe, panda kwa baba, kisha kwa babu. Kwetu jina la tatu ni la babu, kwa hiyo linabadilika kila kizazi. Ukimtafuta mtu kwa jina la mwisho utapotea. Tena majina yanarudi, mjukuu anapewa la babu na kitukuu vilevile. Namba ndiyo inayowatenganisha.

Mimi nafanya hivi: babu ni 1. Wake zake ni A na B, kwa mfuatano wa kuolewa. Mtoto wa kwanza wa mke mkubwa ni 1A1, wa tatu wa mke mdogo ni 1B3. Baba yangu nilimwandika 1B3, na mimi, mtoto wa pili wa mke wake wa kwanza, nikawa 1B3A2. Ukiacha herufi za akina mama, watoto wa matumbo tofauti wanachanganyika, na hapo ndipo madaftari mengi ya ukoo yanapoharibika. Mbele ya kila namba weka majina matatu, jina la ukoo kama lipo, jina la utani, na aliyekupa habari hiyo.

Hatua ya 2: Fungua sanduku la bati

Kabla ya nauli, pekua nyumbani. Kadi ya TANU, cheti cha ubatizo, hati ya ndoa, risiti za kodi ya kichwa, kipande cha shambani. Kipande kilikuwa kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, na wazee wengine walikihifadhi kama noti. Piga picha kwa simu pande zote mbili, kisha rudisha ulipokitoa. Usiondoke na karatasi ya mtu.

Kuna karatasi mbili ambazo watu huzisahau. Ya kwanza ni wasifu wa marehemu, ule unaosomwa msibani: kuzaliwa, wazazi, ndoa, idadi ya watoto na wajukuu. Huandikwa usiku mmoja na watu waliochoka, kwa hiyo una makosa, lakini hakuna ufupisho wa maisha ya mtu unaoushinda. Ya pili ni muhtasari wa kikao cha ukoo uliopelekwa Mahakama ya Mwanzo kumteua msimamizi wa mirathi. Humo warithi wametajwa mmoja mmoja, hata wale ambao nyumbani hawatajwi.

Hatua ya 3: Kaa na wazee, ukianza na shangazi

Watu hukimbilia mwanamume mkubwa kuliko wote. Mimi nasema anza na shangazi. Mjomba na baba mkubwa watakupa orodha ya wanaume na mipaka ya shamba; shangazi anajua nani alizaliwa na nani, nani alinyonyeshwa na nani, na mtoto yupi aliletwa akiwa mkubwa.

Sema mapema unachotaka. Ukianza kuulizia majina ya marehemu, mtu atajiuliza unatafuta shamba gani. Mimi baba mdogo alinikatalia kabisa mara ya kwanza, akaniambia niende na barua ya wakili. Mara ya pili nilimpelekea kilo mbili za sukari na kaunta buku lenyewe alione. Akalisoma, akaanza kunisahihisha.

Usiulize “alizaliwa mwaka gani?” Utapewa mwaka wa kubuni kwa heshima tu. Uliza alikuwa na umri gani jambo fulani lilipotokea. Haya ndiyo niliyobeba:

- Majimaji, 1905 hadi 1907
- vita ya nyuki pale Tanga, Novemba 1914
- Vita vya Hitla, 1939 hadi 1945
- Uhuru, Desemba 1961
- Azimio la Arusha, Februari 1967
- Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970
- Vita vya Kagera, 1978 na 1979

Kwa Dodoma ungeongeza Mtunya, ile njaa iliyofuata vita vya Mjerumani. Kila mahali pana kalenda yake. Bibi mkubwa aliniambia babu alifika “Hitla ameshashindwa, na SILABU ndio waliomleta.” SILABU ilikuwa ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuandikisha vibarua, iliyoanza 1944. Kwa sentensi moja nikajua aliletwa kwa mkataba, na si kabla ya 1945.

Washa kinasa sauti cha simu kwa ruhusa, iweke mkekani, usiandike huku mzee anaongea. Kisha uliza habari za mazishi: nani waliosha, nani waliingia kaburini, watani waliokuja walikuwa wa kabila gani. Mgeni asiye na ndugu huzikwa na watu wa kwao. Swali hilo ndilo lililonifikisha kwa mzee mmoja wa kambi ya zamani, aliyenipa kitu ambacho nyumbani hakuna aliyekijua: babu alipotoka Songea alikuwa Mkatoliki mwenye jina la ubatizo. Jina tulilomjua nalo alilipata aliposilimu ili amwoe bibi.

Hatua ya 4: Kitabu cha ubatizo

Ukiwa na jina la ubatizo na eneo, tafuta misheni kongwe ya hapo. Kwa Ungoni ni Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, na Kigonsera iliyofuata. Piga simu kwanza. Nenda siku ya kazi na barua ya utambulisho ya parokia yako au ya serikali ya mtaa, na miaka uliyokadiria. Katibu hawezi kukupekulia miaka 40. Acha sadaka hata kama hujaombwa.

Vitabu vya zamani vina Kilatini kidogo: *filius* ni mtoto wa kiume, *filia* wa kike, *natus* kazaliwa, *patrinus* ni baba wa ubatizo. Soma na pembeni mwa ukurasa, maana kipaimara na ndoa huandikwa hapo baadaye. Mimi nilipata majina ya wazazi wa babu na kijiji chao. Baba wa ubatizo ndiye aliyenifikisha kwa watu hai, kwa sababu wajukuu zake hawakuhama.

Hatua ya 5: Vya bure vilivyobaki

FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, ni bure ukijiandikisha. Orodha ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola nayo ni bure, inafaa kama mzee wenu alikufa na KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, kule Burma. Nyaraka za Taifa, Upanga, ziache mwisho. Zinamsaidia sana mwenye babu jumbe au akida. Mkata mkonge wa kawaida hatajwi kwa jina.

Hatua ya 6: Wino, penseli na nakala

Kilichothibitishwa na karatasi andika kwa wino, cha kusikia kwa penseli. Habari za mtoto wa nje au za utumwa ziandike kwenye daftari, lakini usizitupe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Toa nakala, mpe mtu mmoja wa kila tumbo.

Yangu niliigawa kwenye arobaini ya baba mdogo. Shangazi aliomba asomewe yote, akasikiliza kimya hadi watoto wa bibi mdogo. “Hapo umewageuza,” akasema. “Baba yako ndiye aliyemtangulia huyu.” Nikachukua raba. Sasa mimi ni 1B2A2.