Kusoma sarafu ya shaba ya Kirumi iliyochakaa

Hapa nazungumzia vijisarafu vya karne ya 4, vya zama za mfalme Konstantino wa Roma na wanawe. Wengi hukimbilia herufi. Mimi huanza na picha, kwa kuwa mara nyingi herufi za pembezoni ndizo hutangulia kufutika.

1. Usiisugue. Iloweke kwenye maji safi yasiyo na chumvi, kisha pitisha mswaki laini. Ndimu na majivu viachie sinia la nyumbani. Ya kwanza niliilaza kwenye ndimu; asubuhi utando wa kijani ulikuwa umeondoka pamoja na pua ya mfalme.

2. Laza mwanga. Zima taa ya juu, weka tochi ya simu ubavuni, zungusha sarafu taratibu. Kivuli ndicho kitakachokuonyesha mchoro.

3. Tazama kichwa. Kimevaa shada la majani, taji la miali au utepe wa lulu? Ukikuta kofia ya chuma, angalia kama uso ni wa kike: huenda huyo ni Roma, mji uliochorwa kama mwanamke.

4. Geuza. Hapa usiwe na haraka. Nyuma ya Roma huwa kuna mbwamwitu jike, shingo ameigeuza kuwaangalia Romulo na Remo, mapacha waasisi wa Roma katika hadithi, wanaonyonya, na nyota mbili juu. Usihangaike kutafuta maandishi ya kuzunguka, hayakuwekwa. Zilianza kutolewa mwaka 330, Konstantinopoli (Istanbul ya leo) ilipozinduliwa. Mji mpya nao ulipewa sarafu yake, yenye Ushindi, mungu wa kike mwenye mabawa, akikanyaga omo la meli.

Askari wawili? Hesabu bendera za jeshi katikati yao. Mbili ni za mwanzo; moja ni za kuanzia mwaka 335 hivi, sarafu ilipopunguzwa uzito. Askari anayemchoma mkuki mpanda farasi aliyeanguka ni wa baada ya hapo, enzi za wana wa Konstantino. Na mungu Jua, mkono wa kuume juu, tufe mkono wa kushoto, Konstantino aliendelea kumgonga kwenye sarafu miaka kadhaa baada ya 312, mwaka anaosemekana kugeukia Ukristo. Hilo huwashangaza wanaomjua kama mfalme Mkristo tu.

5. Soma chini ya mstari ulio chini ya picha. Herufi zilizo hapo, chini ya miguu, hutaja mji uliogonga sarafu. TR ni Trier, SIS ni Siscia (Sisak ya leo, Kroatia), SMAL ni Aleksandria ya Misri, na mara nyingi herufi moja ya ziada, mwanzoni au mwishoni, hutaja karakana ya mji huo. Mbwamwitu wangu anasomeka SMAL, kisha shaba inaishia hapo: nyundo ilipiga pembeni, karakana ikabaki nje.